Kontena Hufungwa kwa Nje

Inspekta Domitila Mpangala hakupenda mlango uliofungwa. Hata chooni nyumbani kwake aliuegesha tu, na mumewe alishachoka kumtania. Ndiyo maana Koplo Mwinyimvua alimtazama mara mbili aliposikia bosi wake akiomba, kwa mdomo wake mwenyewe, afungiwe ndani ya kontena la chuma katika joto la mchana wa Ifakara, pamoja na mtu anayetuhumiwa kwa mauaji.

"Nataka kuona kazi inavyofanyika," alisema Domitila. "Kusimuliwa nimeshasimuliwa vya kutosha."

Kontena lilikaa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga pale Lipangalala, kando ya chungu za pumba. Kampuni ya ulinzi ya Kingabonde ililifanya ghala lake la silaha, na ilikuwa na utaratibu wake ambao haukuwahi kuvunjwa. Mlinzi aliyepangiwa kusafisha bunduki aliingia ndani, mlango ukafungwa kwa nje kwa kufuli, naye akakaa humo na kazi yake mpaka amalize. Akimaliza anagonga. Msimamizi anafungua, anahakiki kwamba kila bunduki ipo, ndipo mtu anatoka. Yote hayo yalianza baada ya mlinzi mmoja kutoka na bastola ndani ya ndoo ya matambara. Wakati huohuo matundu ya hewa yalichomelewa, maana mtu mwenye waya mrefu angeweza kuvulia bunduki kupitia tundu kama anavyovua perege.

Msimamizi huyo alikuwa mzee Dionisi Lihami, mtu mnene, mpole wa sauti, aliyevaa ufunguo wa kontena shingoni kwa kamba ya kiatu. Domitila alikuwa amempa shikamoo asubuhi, naye mzee akaitikia marahaba kwa moyo mkunjufu na kuagiza wageni waletewe chai. Alimwonyesha jinsi kufuli lilivyofanya kazi, akalibana na kulifungua kwa dole gumba la mkono wa kulia, dole lililokatwa na mundu zamani na kuachiwa kovu la mshazari. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, alisema kwa fahari, na hata akienda kuoga huoga nao.

Mtuhumiwa aliitwa Alphonce Likwati, mtu wa Uchindile aliyeteremka Ifakara kutafuta kibarua cha ulinzi. Jioni ya tukio alikuwa zamu kwenye ghala la mpunga pamoja na Beno, mume wa dada yake. Majambazi waliingia getini jua likizama. Alphonce alinyanyua bunduki yake, shotgani mpya yenye plastiki nyingi kuliko chuma, akamlenga wa mbele na kubonyeza triga. Bunduki haikulia. Akabonyeza tena, na triga ikacheza huku na huku kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Beno alikuwa na rungu tu, na aliingia katikati. Walimkata mapanga mbele ya macho ya shemeji yake, wakachukua mauzo ya siku na kuondoka.

Mtaani hakuna aliyeamini hadithi ya triga. Walisema mlinzi kala njama. Wakili wa serikali naye alilitaka jalada mezani kwake kabla ya ofisi kufungwa siku hiyo, ili Alphonce asomewe shitaka la mauaji, shitaka lisilo na dhamana. Domitila alijua jalada likishafika huko kurudi kwake ni kazi, na mtu anaweza kuozea mahabusu miaka akisubiri. Alimtuma Mwinyimvua na gari akaombe muda, japo mpaka kesho. Kwa hiyo pale kwenye kontena alibaki peke yake, jambo ambalo wakati huo hakuliona kuwa tatizo.

Jambo moja zaidi lilimkera. Kwenye benchi karibu na mlango wa kontena alikaa Katarina, mjane wa Beno, ndiye huyo dada wa Alphonce. Alikuja kuchukua vitu vya marehemu: baiskeli, koti la mvua, na tochi. Alijifunga kanga nyeusi na hakumwangalia kaka yake alipopitishwa mbele yake na pingu. Siku ya mazishi, mdogo wao wa kiume alitaka kutupia kaburini konzi ya pili ya udongo kwa niaba ya Alphonce aliyekuwa mahabusu. Katarina alimshika mkono mbele ya watu wote na kumwambia udongo wa Alphonce usiingie humo. Alphonce alisimuliwa hayo mahabusu, na tangu hapo alikuwa akila kwa kulazimishwa.

Mlango ukafungwa. Kufuli likalia kwa nje. Mwanga ulitoka kwenye taa moja ya betri iliyoning'inia, na joto likawakalia mabegani papo hapo. Mashine ya mpunga ilikuwa ikinguruma upande wa pili, na bati zima la kontena lilitetemeka. Domitila akajiambia ni mlango tu, akavaa glavu.

Alikata lakiri ya polisi kwenye ile shotgani na kuilaza mezani. Alphonce, pingu mikononi, alimwelekeza. Pini mbili zilisukumwa nje, na kasha la triga likachomoka lote kama droo. Lilikuwa boksi dogo la plastiki nyeusi, na ndani yake ndimo triga, nyundo na springi zake hukaa. Domitila alivaa miwani yake ya kusomea na kulielekeza kwenye taa.

Halikuwa jeusi tena kwa ndani. Lilikuwa na weupe wa ukungu, na kutoka kwenye tundu la pini ya triga nyufa nyembamba zilitawanyika pande zote. Tundu lenyewe lilikuwa limepasuka na kupanuka. Pini haikuwa na pa kushika, kwa hiyo triga iliyumba bila kuifikia nyundo. Alphonce alikuwa amesema kweli kuhusu triga. Sasa lilibaki swali la nani aliyeifanya hivyo, na kwa nini.

"Ulisafisha kwa kitu gani?"

"Mafuta ya taa, afande." Alikuwa akiangalia sakafu. "Babu yangu kule Uchindile gobore lake alilisafisha hivyohivyo. Sikujua kama ya plastiki haitaki. Mzee Dionisi ndiye alinieleza baadaye, alipokuja kuniona mahabusu. Kasema mafuta ya taa ndiyo yamekula kasha. Kwa hiyo ni kweli, mimi nimemuua shemeji. Sikula njama na mtu, ila nimemuua."

Domitila alimwacha anyamaze mwenyewe. Mtuhumiwa anayejishitaki ni kero kuliko anayekana, maana anakufungia njia zote. Kwa njama ilikuwa kitanzi, kwa uzembe ilikuwa jela, na huyu bwana alishachagua jela kana kwamba anachagua kitanda. Alimuuliza ni lini alisafisha mara ya mwisho. Jumamosi, alijibu, kabla ya tukio, zote zilizokuwamo humo ndani, na mafuta ya chupa ileile moja na matambara yaleyale.

"Zote?"

"Zote."

Hapo Domitila alinyoosha mkono kwenye rafu na kuchukua shotgani nyingine ya aina ileile. Alisukuma pini, akachomoa kasha. Ndani lilikuwa jeusi, laini, halina hata mkwaruzo. Aliteremsha ya tatu. Nayo ilikuwa nzima. Mafuta ya taa yaleyale, mkono uleule, siku ileile, na lililooza lilikuwa moja tu.

Alikuwa amejiandaa. Asubuhi, kabla ya kuja, alimpigia simu fundi wa silaha mmoja wa Morogoro aliyemfahamu tangu mafunzo. Yule fundi alimpa darasa refu kuliko alivyoomba. Alisema bunduki hizi za plastiki watu wanaziharibu kwa kuziosha kama za chuma. Plastiki yenyewe inatosha maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha ikauke vizuri. Chuma kinataka mafuta yake maalumu, na kopo liwe limeandikwa kwamba hayadhuru plastiki. Mtu asiyeyapata akitumia mafuta ya taa kidogo kwenye chuma na kufuta mara moja, si vizuri lakini plastiki nyingi zitavumilia. Alichokataza kabisa ni thina, maji ya kutolea rangi ya kucha, na sprei ya kusafishia breki. Alimalizia kwa kusema usiamini maneno yake, jaribu kwanza kwenye kipande kisicho na kazi.

Kuhusu maji ya kutolea rangi ya kucha Domitila hakuhitaji fundi. Aliwahi kufutia miwani yake na ile dawa, lenzi zikageuka ukungu, na ofisi nzima ikamcheka wiki nzima. Basi alipita kwenye duka la rangi la Bi Firdausi, akanunua mafuta ya taa na kichupa cha kioo cha thina. Thina aliificha chini ya mkoba. Mzee Dionisi aliambiwa tu kwamba inspekta atajaribu mafuta ya taa.

Juu ya rafu palikuwa na kitako cha shotgani kilichovunjika mlinzi alipoanguka na bodaboda. Alikichagua kwa jaribio. Alichora duara tatu kwa chaki. Ya kwanza alidondoshea mafuta ya taa. Ya pili aliipaka dawa ya kufukuza mbu, ile ya tyubu, kwa sababu jambo jingine lilimsumbua: bunduki zote za kampuni zilikuwa na alama za vidole zilizofifia kwenye kitako. Alphonce alieleza kwamba walinzi wa usiku hujipaka dawa hiyo viganja vizima, la sivyo mbu wa bondeni hawamwachi mtu, halafu hushika bunduki mpaka asubuhi. Duara ya tatu alidondoshea thina, akamimina nyingine kidogo kwenye kisosi na kuchovya tambara humo kama anavyofanya msafishaji.

Wakangoja. Harufu ya thina ilipanda upesi, tamu na kali, ikashuka kooni.

Alifuta duara ya kwanza. Plastiki ilikuwa vilevile. Ya pili ilikuwa imefifia na ikashika alama ya kidole chake, sawasawa na zile alama za walinzi. Basi alama za nje zilikuwa za dawa ya mbu, na hazikuwa na siri yoyote. Lakini mlinzi hashiki bunduki kwa ndani, na dawa ya mbu haitambai kupita pini mbili. Duara ya tatu ilikuwa imevimba na kunata. Alipoipepea ikakauka kwa weupe wa ukungu. Alikikunja kitako, na pale penye weupe pakatawanyika nyufa nyembamba.

"Alphonce," alisema, "njoo uone. Mafuta yako ya taa hayajamuua mtu."

Alphonce alisogea, akatazama duara ya kwanza, akatazama ya tatu. Akajifuta uso kwa mikono yote miwili kwa sababu pingu hazikumpa namna nyingine.

Domitila hakuwa na nafasi ya kufurahi naye, maana kichwa kilikuwa kimeanza kumzunguka. Kisosi kimoja tu cha thina, na tayari taa ilikuwa na kivuli. Alikifunika kisosi kwa kitabu cha maelezo ya kampuni, akazungushia kichupa kifuniko, lakini harufu haikuwa na pa kwenda. Matundu yalichomelewa. Na hapohapo, akiwa na kichefuchefu, akapata wazo alilolifuata kuja humo. Alimuuliza Alphonce alijisikiaje Jumamosi ile alipotoka kusafisha.

Alijisikia vizuri. Alikwenda moja kwa moja kwenye mazoezi ya kwaya parokiani. Aliimba besi mpaka mwisho, na Beno alikuwepo, na mwalimu wa kwaya alimsifu.

Mtu aliyesafisha bunduki kwa thina humu ndani, mlango umefungwa kwa nje kama desturi, asingeimba besi. Angebebwa. Aliyepaka thina kwenye kasha lile aliipaka mlango ukiwa wazi, upepo ukipita, baada ya Alphonce kuondoka. Na kampuni ilikataza mlinzi kubonyeza triga ya bunduki tupu anapopokea zamu, kwa hiyo hakuna ambaye angegundua mpaka siku ya haja. Kilichobaki ni kujua nani angeweza kuufungua mlango wakati hakuna msafishaji ndani.

Alirudi kwenye kasha na kuliinamia. Kwenye kona ya chini, pale ambapo mtu angeshikilia plastiki iliyolainika ili arudishe pini, palikuwa na alama iliyozama. Lilikuwa dole, pana, mistari yake imekauka ndani ya plastiki. Na mistari yote ilikatwa na mstari mmoja wa mshazari ambao mtu hazaliwi nao.

Domitila alivua miwani, akalitia kasha kwenye mfuko wa vielelezo. Alikumbuka kufuli lililobanwa, na kovu la mundu, na chai aliyokunywa asubuhi. Kisha akakumbuka ufunguo uko wapi.

Alihisi kuta zimesogea. Alitoa simu, haikuwa na hata alama moja ya mtandao, kama ambavyo ingekuwa ndani ya sufuria. Mwinyimvua alikuwa mjini. Mashine ilinguruma, na angeweza kupiga kelele mpaka jioni bila wapakiaji wa mpunga kuinua kichwa. Nje palikuwa na mjane kwenye benchi na mzee mpole mwenye ufunguo.

Aligonga, kama utaratibu unavyotaka. Hatua zilisogea.

"Mmemaliza, afande?" Sauti ya mzee Dionisi ilipita kwenye mpira wa mlango.

"Tumemaliza, mzee. Fungua."

Ufunguo haukusikika. Domitila alibandika sikio kwenye mpira wa mlango, akamsikia akivuta pumzi kwa pua, taratibu, mara moja na mara nyingine.

"Hiyo si harufu ya mafuta ya taa," alisema.

Domitila hakujibu haraka kama alivyopaswa, na kwa mtu wa nje huko kuchelewa kulitosha kuwa jibu. Mzee Dionisi akasema, kwa upole uleule, kwamba labda wangoje kidogo, utaratibu unataka bunduki zirudishwe rafuni kwanza na yeye anamsubiri mkubwa wake. Kisha hatua zikaondoka. Alphonce alianza kukohoa. Jasho lilikuwa limemlowesha hadi kiunoni.

Domitila alimvuta mpaka chini ya mlango, penye upenyo mdogo, wakakaa sakafuni wakipokezana kuuwekea mdomo. Alimweleza yote kwa kunong'ona: dole, kovu, ufunguo. Alphonce alifumba macho. Mzee Dionisi ndiye aliyempangia bunduki ile jioni ile, alisema. Alimchagulia yeye mwenyewe, akamwambia chukua hii, ni safi.

"Anataka kusikia kitu kimoja tu," Domitila alinong'ona. "Kwamba nimekubali maneno yake. Akisikia hivyo atafungua, maana hatakuwa na sababu ya kutuua. Asiposikia, thina hii itaelezwa kuwa ajali ya inspekta mjinga."

Alisimama, akagonga tena kwa nguvu. Alipiga kelele juu ya mngurumo wa mashine kwamba thina ilikuwa yake ya kulinganishia tu, na imemwagika, na haikuonyesha chochote. Kosa ni la mafuta ya taa, kama mzee alivyosema tangu mwanzo. Mtuhumiwa amekiri.

Hatua zilirudi. Kabla mzee hajajibu, umeme ukakatika. Mashine ikaguguma, ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Domitila alisikia kuku wakiparua kwenye pumba, na benchi likilia Katarina alipojiweka sawa, hatua chache tu kutoka mlangoni.

"Amekiri?" Mzee Dionisi aliuliza. "Basi nimsikie mwenyewe."

Domitila aligeuka. Alphonce alikuwa akitikisa kichwa.

"Katarina yuko nje," alinong'ona. "Afande, atanisikia."

"Najua."

"Hatanisamehe. Hata nikitoka."

"Usipotoka hutapata hata nafasi ya kumwomba."

Alimwambia hivyo na akaona aibu papo hapo, kwa sababu ilikuwa kweli na haikusaidia. Alphonce aliweka paji la uso kwenye chuma cha mlango. Alivuta pumzi, akakohoa, akavuta tena.

"Ni mimi," alisema, na sauti ya besi ikajaza kontena. "Nimemuua Beno. Nilisafisha kwa mafuta ya taa kwa ujinga wangu. Mzee asilaumiwe. Ni mimi nimemuua shemeji."

Kwa nje mwanamke alitoa sauti moja fupi. Alphonce alibaki na paji lake kwenye chuma.

Kufuli likalia. Komeo likavutwa, mlango ukaachama kiasi cha kiganja, na hewa ikaingia na harufu ya pumba. Jicho la mzee Dionisi lilipita juu ya bega la Domitila mpaka mezani. Pale lilikuta lile kasha la triga ndani ya mfuko wa vielelezo, na kando yake kichupa cha thina kimejaa karibu chote, hakijamwagika popote. Alisukuma mlango kurudi.

Alphonce alitanguliza mikono. Mlango ulibana pingu, chuma kwa chuma, na ngozi ya vifundo vya mikono iliyokuwa katikati. Alipiga yowe lakini hakuitoa. Domitila alirusha bega, mlango ukafunguka, wakaanguka nje wote watatu kwenye vumbi. Mzee alikuwa na nguvu kuliko upole wake, akainuka wa kwanza. Lakini ufunguo ulikuwa bado shingoni mwake, na Domitila alikuwa ameshaikamata kamba. Aliizungusha kiganjani mara moja. Mzee Dionisi hakwenda mbali.

Haruni, mlinzi wa getini, alikuja mbio na kusimama asijue amshike nani. Domitila alimwamuru amkalie msimamizi wake, na baada ya kutafuna mdomo kidogo Haruni alitii.

Pingu alizokuja nazo zilikuwa jozi moja tu. Domitila alipiga magoti mbele ya Alphonce, akazifungua taratibu kwa sababu ya damu, akaenda akamfunga nazo mzee Dionisi. Alimgeuza dole gumba la kulia juani. Kovu lilikuwa lilelile. Alimweleza wataalamu watalipima, na kwamba ana haki ya kukaa kimya. Mzee alikaa kimya. Marahaba yake ya asubuhi ilimkera Domitila kuliko kitu kingine chochote siku ile.

Katarina alikuwa amesimama, kanga imemlegea kichwani. Aliona pingu zikihama kutoka mikono hii kwenda mikono ile, na hakuhitaji kuelezwa mengi. Domitila alimweleza machache hata hivyo: kasha, thina, dole. Alisema majambazi wenyewe bado hawajakamatwa, lakini mwenye kuwafungulia njia ndiye huyu. Katarina alisikiliza huku akimtazama kaka yake aliyekaa chini, ameshikilia vifundo vyake.

"Umesema ni wewe," alimwambia.

"Mlango ulikuwa umefungwa, Katarina."

Koplo Mwinyimvua aliingia na gari uani, akateremka akitabasamu kwa habari yake kwamba wakili amekubali kungoja mpaka kesho. Alipoona nani amefungwa na nani hajafungwa, tabasamu likamwisha. Walimpakia mzee Dionisi nyuma na Haruni pembeni yake. Domitila alimwambia Alphonce kwamba kwa leo bado lazima arudi naye kituoni, kwa sababu kumwachia kunataka sahihi, na akasema samahani.

Katarina alichana upindo wa kanga yake. Alichuchumaa, akamfunga kaka yake kifundo cha kushoto, kisha cha kulia, bila kumtazama usoni. Alipomaliza alibaki ameishika mikono hiyo.

"Hujamwekea shemeji yako udongo," alisema. Kisha akainua uso. "Afande, makaburini ni njiani?"

Makaburi yalikuwa upande wa pili wa mji, kituo upande huu. Mwinyimvua alifungua mdomo kulisema hilo.

"Ni njiani," alisema Domitila, na akamfungulia Katarina mlango wa gari.